Baker to Vegas: kilomita 193 za kupokezana zamu jangwani

Kazini kwetu huinuki kitini mpaka anayekupokea awe ameshavaa vipokea sauti masikioni na kusema kwa mdomo wake, "Nimepokea." Hata kama zamu yako imeisha dakika arobaini zilizopita, hata kama mtoto anakungoja shuleni, unakaa. Mimi napokea simu za dharura katika kaunti moja ya kusini mwa California, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kiti hicho. Naanza na habari ya kiti kwa sababu bila hiyo sidhani kama ningeielewa Baker to Vegas.

Nimekwenda mara tatu. Mara mbili nilikuwa dereva wa gari la kumsindikiza mkimbiaji, mara moja nikakimbia mwenyewe. Tangu hapo nimeulizwa na Waswahili wenzangu wanaofanya kazi magerezani, mahakamani, kwa sherifu na kwenye ofisi za uangalizi wa wafungwa: je, inafaa? Mtu aache wikendi yake, atoe hela yake, akapigwe na upepo wa jangwa? Nimeona niandike mara moja, kwa urefu.

Kwanza, ni nini hasa. Ni mbio za kupokezana kijiti, maili 120, yaani kilomita 193, katika jangwa la Mojave, kutoka upande wa California hadi Las Vegas, Nevada. Timu ina wakimbiaji 20, na kila mmoja anakimbia kipande kimoja tu. Ukigawa sawasawa, kila mtu anapata kilomita tisa na kitu, lakini barabara haikugawanywa hivyo: kuna wenye kipande cha kwenda na kurudi sokoni, na kuna wanaokula njia ndefu ya kupanda. Hufanyika majira ya kuchipua, Jumamosi kuingia Jumapili, mchana, usiku na alfajiri. Timu za polepole huondoka mapema na zile za kasi huondoka baadaye, kwa hiyo kadiri usiku unavyokwenda barabara inajaa, na kila mtu ama anamfukuza mtu ama anafukuzwa. Wanaokimbia ni watu wa vyombo vya sheria. Mtu wa kawaida hawezi kujiandikisha kivyake, lazima awe na idara inayounda timu. Najua hilo litawakata maini baadhi yenu, na ni bora mlijue mapema.

Pili, jina lisikudanganye. Mbio hazianzii Baker, kile kimji cha jangwani upande wa California. Unafika Baker, unatazama kile kipimajoto kirefu cha futi 134, unajaza mafuta, halafu unaendesha tena kama kilomita 40 kuelekea kaskazini kwenye barabara ya 127, mpaka mahali pasipo na kitu. Hakuna duka, hakuna mti wa kivuli. Kuna lami, mahema machache, magari yaliyoegeshwa kandokando, na milima ya rangi ya kutu pande zote. Zile futi 134 zinasimama kwa nyuzi 134 za Fahrenheit, sawa na 56.7 za Selsiasi, zilizopimwa katika bonde la Death Valley tarehe 10 Julai 1913. Death Valley iko nyuma ya milima ile ya kushoto kwako. Mkimbiaji wa kwanza anaondoka akiwa anajua hivyo.

Historia yake ni ya watu wa Los Angeles. Klabu ya michezo ya polisi wa jiji hilo ilianza kama klabu ya kulenga shabaha kwa bastola, na jina lake mpaka leo lina neno hilo ndani. Kiwanja chao cha shabaha pale Elysian Park ndicho kilichotumika kwa mashindano ya kulenga shabaha ya Olimpiki ya mwaka 1932. Klabu hiyo ndiyo iliyoanzisha mbio hizi mwaka 1985. Zilianza na timu chache, na leo timu zinapita 200, nyingine zikitoka nje ya Marekani. Miaka ile mbio ndefu za kupokezana zilikuwa zinaota mizizi upande huu wa Marekani. Kule Oregon, Hood to Coast ilikuwa imeanza mwaka 1982 na timu nane, ikishuka kutoka mlima wenye theluji hadi baharini. Zetu zikachagua njia kavu.

Ila nionavyo mimi, walichokileta polisi wa Los Angeles ni zaidi ya umbali na joto. Walileta zamu. Timu ya watu 20, kila mmoja na kipande chake, hakuna anayerudia, hakuna shujaa mmoja wa kubeba wote. Unafanya cha kwako, unakabidhi, unakwenda kukaa na wenzako na kungoja. Mtu aliyezoea lindo la usiku haelezwi hayo mara mbili. Kuna mbio za jangwani zinazomtukuza mtu mmoja anayeteseka peke yake, nami nawaheshimu watu hao. Hizi zimejengwa kwa namna nyingine: mtu hakimbii peke yake hata hatua moja ya usiku, kwa sababu nyuma yake kuna gari la timu yake, taa zinawaka, na ndani mna watu wanaomtazama mgongo.

Barabara yenyewe ina mambo, na mwaka wa kwanza niliyapita yote bila kujua. Mwaka wa pili nilisoma kabla ya kwenda, na safari ikawa nyingine. Ukitazama kando ya barabara ya 127 utaona tuta refu, limenyooka, limeliwa na mvua hapa na pale. Ni njia ya reli ya zamani ya Tonopah na Tidewater, iliyojengwa na Francis Marion Smith, yule tajiri wa madini ya boraksi, ikakamilika mwaka 1907 na kuacha kazi mwaka 1940. Vyuma vyenyewe viling'olewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baker ilizaliwa kama kituo cha reli hiyo, na jina lake ni la mkuu mmoja wa kampuni ya reli. Chini ya mchanga unapita mto Amargosa, neno la Kihispania lenye maana ya uchungu. Sehemu kubwa ya safari yake mto huo hauonekani, unatembea chini kwa chini mpaka Death Valley. Nilipolijua hilo nilisimamisha gari, nikashuka na kutazama korongo kavu kabisa, mawe meupe ya chumvi, na ardhi iliyopasuka vipande kama ugali uliokauka sufuriani.

Cha kunigusa zaidi ni njia ya misafara. Kabla ya reli, kabla ya lami, miaka ya 1830 na 1840, misafara ya nyumbu ilitoka Santa Fe, New Mexico ya leo, kwenda Los Angeles ikipita huku huku. Antonio Armijo aliongoza msafara wa kwanza mwaka 1829 kuingia 1830. Walikwenda kwa chemchemi: kutoka maji ya Las Vegas kupanda hadi Mountain Springs, kushuka hadi Stump Spring, kisha Resting Springs, kisha Salt Spring. Ramani ya mbio inafuata kwa karibu mfululizo huo kwa kinyume, kutoka kwenye chumvi kwenda kwenye maji matamu. Na kabla ya misafara hiyo, milima ile ya juu, Spring Mountains, ilikuwa na bado ni milima mitakatifu ya Wanuwuvi, ambao vitabu huwaita Wapaiute wa Kusini. Kwa hiyo usiniambie jangwa lile ni tupu. Watu wamepokezana njia ile siku nyingi.

Sasa niseme habari ya gari, maana nimekaa humo kuliko nilivyokimbia.

Kuendesha gari kwa kasi ya mtu anayekimbia ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mguu hauko kwenye mafuta wala hauko kwenye breki, unaning'inia katikati, na baada ya nusu saa misuli ya paja inatetemeka. Taa za dharura zinapiga tik, tak, tik, tak. Mbele yako kuna mgongo mmoja, kizibao cha kuakisi mwanga, na kivuli kirefu ambacho taa zako zinakitupa mpaka gizani. Unamjua mtu kwa mgongo. Mwaka ule wa kwanza mkimbiaji wangu wa usiku alikuwa kaka mmoja Mkenya, askari wa gereza la kaunti, mrefu, asiyesema sana. Tulikuwa tumekubaliana: akiinua mkono wa kulia ni maji, wa kushoto ni sukari, akigusa kichwa niteremshe kioo tuongee. Kilomita tano za kwanza hakuinua chochote. Kisha nikaona bega la kushoto limeanza kushuka, kidogo tu, kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Nikateremsha kioo.

"Kaka, bega."

"Liko vipi?"

"Limeanguka. Inua."

Akainua. Baada ya muda likaanguka tena, nikamwambia tena. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye taa za kituo, na alipokabidhi kijiti aliingia kiti cha nyuma, akafunika uso kwa taulo, akasema, "Dada, asante kwa bega." Nimepongezwa kazini mara nyingi kwa karatasi zenye mihuri. Hii ya bega ndiyo ninayoikumbuka.

Vituo vya kupokezana usiku ni vitu vya kuonwa. Unakuja kutoka kwenye giza nene, nyota zimejaa mpaka chini ya upeo, halafu ghafla mwanga, jenereta zinanguruma, watu wamejifunga mablanketi, namba za timu zinaitwa. Anayengoja anarukaruka mahali pamoja ili asigande. Anayekuja anapiga kelele jina la timu yake kwa sababu machoni taa zimemtia upofu. Kijiti kinapita. Nimekitazama kijiti cha timu yetu kwa karibu: sehemu moja ya katikati ilikuwa imeloa na kuwa nyeusi, imechukua jasho la viganja kumi na nane, na mtu aliyekishika baadaye aliniambia kilikuwa bado kina joto.

Nisipoongea kuhusu redio nitakuwa nimeficha jambo lililonifanya nirudi. Sehemu kubwa ya njia ile simu ya mkononi haishiki. Wanaoziba pengo hilo ni watu wa redio za ridhaa, wale wenye leseni na antena zao, ambao wanajitolea kukaa jangwani usiku kucha wakipeleka habari za timu kutoka kituo hadi kituo. Wengi wao ni wazee. Nilimkuta mmoja, nywele zote nyeupe, amekaa kwenye kiti cha kukunja na kishikio cha redio mkononi, mbele yake daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Akawa anasema namba ya timu, saa, dakika, kisha ananyamaza angojee aliye upande wa pili arudie. Akikosea, anasahihisha kwa sauti ileile, bila haraka. Ndivyo tunavyofundishwa sisi: sema, ngoja, sikia ikirudi. Nilimwambia kazi yangu ni nini. Akanipa kiti. Nikakaa dakika ishirini nikisikiliza sauti za watu ambao sitawaona wakiupitisha usiku wa jangwa lote kwa namba. Kwangu mimi, hiyo peke yake inastahili safari.

Mwaka wa tatu nikakimbia. Nilipangiwa kipande upande wa Nevada, kwenye barabara ya 160, baada ya mji wa Pahrump. Pahrump iko mita 820 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mountain Springs kiko karibu mita 1,670. Mita 850 hizo hazipandwi na mtu mmoja, lakini kila anayepangiwa upande ule anapata fungu lake. Barabara ni pana na magari ya kawaida bado yanapita, kwa hiyo unakimbia ukingoni, na kila lori linalokupita linakupiga kofi la hewa.

Nilijiandaa kwa joto na nilichokutana nacho ni baridi. Mchana ule kule chini kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 95 za Fahrenheit, 35 za kwetu. Saa tisa usiku, nikiwa napanda, vidole havikunji. Mwinuko wenyewe hauonekani. Barabara inaonekana tambarare kabisa machoni, na miguu inakuapia kwamba si tambarare. Nilianza kuamini nimeumwa. Nikainua mkono wa kulia, nikanywa, nikatazama nyuma: taa za Pahrump zilikuwa chini, chini kabisa, kama makaa yaliyomwagwa kwenye sinia. Ndipo nilipoelewa nimepanda. Huku kando harufu ya vichaka vya kriosoti ilikuwa kali, harufu ile ya lami na mvua, ingawa mvua haikuwepo. Yule kaka wa gereza ndiye aliyekuwa anaendesha gari langu usiku ule. Hakuniambia "jikaze", hakuniambia "umebakiza kidogo", maneno ambayo sikuyataka. Alisema tu, kila baada ya muda, "Dada, nipo."

Malalamiko ninayo, na hayahusu mbio. Gari tulilokodi mwaka wa pili, kwa kampuni nisiyotaka kuitaja, lilikuja na kiyoyozi kilichokufa kabla hatujafika Shoshone, kijiji kilicho njiani, na tairi la akiba lilikuwa halina upepo. Watu sita, jangwani, madirisha wazi, vumbi mpaka kwenye meno. Kaguaneni na mwenye gari kabla hamjasaini: tairi la akiba, jeki, kiyoyozi, na taa za dharura ziwake saa nzima bila kuchemka. Na taa ya kichwani niliyonunua kwa ajili ya kipande changu, ya bei, yenye maneno mengi kwenye boksi, ilizimika dakika ya thelathini kwa sababu ya baridi. Nilimaliza kwa mwanga wa gari. Nunueni ya betri za kubadilisha, na mbebe betri za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Gharama. Mwaka niliokimbia zilinitoka dola 410 mfukoni, baada ya timu yetu kuchangisha kwa kuuza chakula kazini miezi mitatu. Hapo mna fungu langu la mafuta na gari, chumba Las Vegas usiku mmoja, chakula na nguo za baridi. Sijahesabu viatu. Na hesabuni likizo, maana Jumatatu hamtafaa kwa kazi yoyote. Kama idara yenu haisaidii hata senti, anzeni kuchangisha mapema, msingoje mwaka uanze.

Je, inamfaa nani? Asiye na kasi asiogope. Kwa kasi ya dakika nne kwa kilomita, mwendo wa watu wenye kifua, njia nzima inamalizwa kwa karibu saa kumi na tatu. Sisi tulichukua muda mrefu kuliko huo kwa mbali sana, na tulipokelewa. Anayetaka utulivu na mandhari peke yake, nitamwambia asije: kuna kelele, kuna moshi wa magari, kuna usingizi wa kukaa. Asiyependa kungoja pia asije, kwa sababu utakimbia saa moja na kungoja saa ishirini. Ila kama wewe ni mtu wa zamu, kama umewahi kukaa kitini dakika arobaini za ziada kwa sababu mwenzako hajafika, nenda. Utajikuta kwenu.

Zawadi inayogombewa ni kikombe, na si kile cha kuweka kabatini: ni kikombe cha kunywea, chenye mkono. Timu zinazofanya vizuri katika kundi lao ndizo zinazovipata, na nimeona watu wazima wenye vyeo vikubwa wakililia kikombe hicho. Sisi hatujakipata hata mara moja. Yule mkuu wa timu yetu anasema mwaka ujao tunaunda timu yenye wanawake wengi zaidi na tutabadilisha kundi, pengine tutakigusa. Mimi nimeshaandikisha jina langu kwenye daftari lake. Nimeomba gari la usiku, toka Pahrump kupanda, na nimemwambia yule kaka achukue kipande changu ili nimrudishie lile "nipo".